Namna ya Kuikosa Boti ya Unguja

Kuikosa boti ya Zanzibar ilhali unaishi Dar es Salaam si bahati mbaya. Ni kazi, na kazi yoyote ina maarifa yake. Gati la boti haliko porini. Liko Sokoine Drive, katikati ya jiji, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo Wajerumani walilimaliza mwaka 1902, na mnara wake umesimama pale tangu siku hiyo bila kuhama. Boti za mwendo kasi ni kadhaa kwa siku, na kila moja huvuka kwa muda wa kama saa mbili. Mtu anayeweza kukosa kitu kilichowekwa wazi namna hiyo hawezi kuwa mzembe wa kawaida. Amejituma.

Kabla ya kuanza, jua unapambana na nani. Mkazi wa jiji hili amelelewa na mambo yanayomsubiri. Daladala haliondoki mpaka lijae. Kadi ya harusi inasema saa kumi na mbili jioni, na saa mbili usiku MC ndiyo kwanza anajaribu maiki. Mkutano hauanzi mpaka mgeni rasmi afike, naye mgeni rasmi hatoki kwake mpaka apigiwe simu kwamba ukumbi umejaa. Boti haina mgeni rasmi. Saa ikifika, kamba zinafunguliwa, na waliomo ndio waliomo. Tangu 2024 imepata mwenzake, treni ya SGR, nayo ina tabia hiyohiyo ya kuudhi. Ila treni bado ngeni, watu wanaisamehe. Boti tumeizoea miaka na miaka, na bado kila asubuhi yupo anayeshangaa kwamba imeondoka.

Hatua ya kwanza: soma tiketi unavyotaka wewe

Tiketi ikiandikwa 07:00, wewe ona saba. Saba ni saba, hata mtoto wa chekechea anajua. Jipange kwa saa saba mchana, pika, kula, pumzika. Ikiandikwa 09:30, hiyo ni alasiri kabisa, unaweza hata kupitia saluni.

Kama umeshazoea saa za kwenye simu na mbinu hii haikufai, ipo ya pili, nayo haijawahi kumwangusha mtu: saa iliyoandikwa kwenye tiketi ichukulie kuwa ndiyo saa ya kuingia bafuni kuoga. Yale maelezo kwamba abiria afike mapema, kwa sababu kuna kuonyesha kitambulisho, kupitisha mizigo kwenye mashine na kupanga foleni, yameandikwa kwa ajili ya Wazungu. Na kitambulisho chenyewe usikitafute usiku. Kitafute asubuhi, gari likiwa linanguruma nje.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa kilomita

Toka Mbezi Mwisho mpaka Posta ni kilomita 20 na ushei. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, hayo ni mambo ya dakika ishirini. Hesabu imetimia. Usiiharibu kwa kutaja Kimara, Ubungo, Manzese wala Magomeni. Akitokea wa kukukumbusha foleni, mwambie Ubungo siku hizi kuna Daraja la Kijazi, barabara tatu juu kwa juu, tangu 2021. Usimwambie kwamba foleni haikufa pale, ilisogea mbele kidogo kwenye taa zinazofuata.

Kama ni masika, usikubali kushauriwa njia nyingine. Pita Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa, magari yanageuzwa, na wewe utapata nafasi ya kuliona jiji upande usioujua.

Wa Tegeta na Bunju mna Daraja la Tanzanite, tangu 2022. Litakupitisha juu ya bahari, upepo mwanana, ghorofa za mjini zinameremeta mbele yako, kilomita moja na kidogo ya raha tupu. Hapo ndipo mahali pa kupiga simu Unguja kusema, "Nimeshafika mjini, niko hapa hapa." Baada ya simu ndipo utakapokutana na mjini penyewe. Wa Gongo la Mboto mna Daraja la Mfugale pale Tazara, tangu 2018, na faida yake ni hiyohiyo: unaruka taa moja ili uwahi kusimama kwenye nyingine.

Mkazi wa Kigamboni ana neema ya pekee. Anaweza kuzunguka kwa Daraja la Nyerere, akatokea Kurasini katikati ya malori ya makontena, au anaweza kusimama kwenye pantoni. Akichagua pantoni, boti ya Unguja itatoka bandarini kwa mlango huohuo wa bahari, ipite mbele ya macho yake, na pantoni iisubiri ipite kwanza. Kwingine kote jijini mtu huikosa boti kwa kuhadithiwa. Yeye huikosa akiitazama, na tiketi yake mkononi.

Hatua ya tatu: nenda na gari lako

Gari la kwako lina heshima, na heshima ina taratibu zake. Ya kwanza ni wasindikizaji. Abiria ni mmoja, lakini haifai shangazi abaki nyumbani. Akienda shangazi, mtoto aliyemzoea naye atalia, abebwe. Shemeji yumo kwa sababu ndiye atakayerudisha gari. Kwamba leseni yake iliisha muda mwaka jana, hilo mtalizungumza mbele ya trafiki.

Ya pili ni mzigo. Huwezi kwenda Unguja mikono mitupu wakati wenyeji wako wanajua umetoka bara. Pakia mchele wa Kyela, mkungu wa ndizi, vitunguu, na kile kiroba ambacho jirani amekuletea dakika ya mwisho kwa ajili ya mtu wa Mwanakwerekwe ambaye "atakupigia tu ukifika." Ya tatu, taa ya mafuta iwake mkiwa tayari barabarani, ili mpitie sheli.

Mjini utakutana na trafiki aliyesimama katikati ya makutano. Taa zipo na zinafanya kazi, ila yeye ana mpango wake. Upande wenu utasimamishwa mpaka wenye magari wazime injini na kuanza kununua karanga. Usilalamike. Huenda kuna mkubwa anapita, na mtaa wa Ikulu ya Magogoni hauko mbali na huko uendako. Msafara wa mkubwa na safari yako ni vitu viwili tofauti: ule una ving'ora.

Ukifika, tafuta maegesho mbele ya lango kabisa. Zunguka mara ya kwanza, zunguka mara ya pili. Mara ya tatu utapata upenyo, na kabla hujafungua mlango atatokea kijana mwenye kizibao cha kung'aa apige picha namba ya gari lako kwa ajili ya ada ya TARURA. Huo ndio wakati mzuri wa kushuka na kubishana naye kuhusu deni la siku zilizopita.

Hatua ya nne: ita teksi ya kwenye simu

Walio na haraka zaidi hutumia teksi za mtandaoni. Bonyeza, subiri, dereva atapiga.

"Bosi, uko wapi?"

"Palepale palipowekwa alama kwenye ramani."

"Sawa. Unaelekea wapi?"

"Imeandikwa hapo. Bandarini."

"Aaa. Unalipa keshi?"

"Keshi."

"Kwako imeandika shilingi ngapi?"

Ukitaja bei, kutakuwa na ukimya. Halafu: "Niongezee ya mafuta, bosi, si unaijua foleni ya asubuhi." Mkikubaliana atakwambia yuko dakika mbili. Tazama kigari chake kwenye ramani kinavyokwenda upande usio wako kwa mwendo wa kuridhisha. Anapeleka mtoto shule kwanza. Usikatishe ukaita mwingine. Mshikamano ni jambo jema.

Akifika, toa maelekezo kwa ufupi: "Nipeleke feri." Neno hili moja limewakosesha watu boti kuliko mvua. Dereva mwenye akili timamu atakupeleka Feri, yaani Magogoni, kwenye pantoni ya Kigamboni na soko la samaki. Utashuka na sanduku lako la magurudumu kati ya wauza vibua na pweza, uulize boti ya Zanzibar iko wapi, uonyeshwe nyuma, ulikopita dakika chache zilizopita. Umbali si mkubwa, hata kwa miguu unafika. Ila sanduku limeshaingia maji ya samaki, na utaratibu unataka kwanza umlaumu dereva.

Bajaji nayo inafaa, mradi usiulize inaishia wapi. Amri za kuzuia bajaji na bodaboda zisiingie katikati ya jiji zimetolewa zaidi ya mara moja, na dereva wako atazikumbuka mkifika Mnazi Mmoja.

Ipo njia moja ya kuogopwa, inayoweza kukufikisha. Ni mwendokasi. Toka 2016 mabasi hayo yana barabara yao yenyewe kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, na kituo cha Posta ya Zamani kinakuacha mwendo mfupi tu na gati. Kwa bahati nzuri, kulipanda basi lenyewe pale Kimara saa kumi na mbili asubuhi ni shughuli nyingine, inayohitaji mwongozo wake.

Hatua ya tano: kwa wenye fungate, limozini

Maharusi wanaokwenda kula fungate Unguja wasihangaike na teksi. Wakodi limozini, nyeupe, yenye maua ya plastiki kwenye boneti. Mbele itangulie pikapu ya matarumbeta, na mbele ya matarumbeta pikapu ya mpiga video aliyesimama kinyumenyume. Mwendo wa msafara wote utapangwa na mtu huyo, kwa sababu akiona picha haikutoka vizuri mtarudia mzunguko.

Limozini ilitengenezwa kwa barabara pana zilizonyooka, nasi tutaiingiza katika vichochoro vya Posta. Kwenye kona itatanguliza pua, irudi nyuma, itangulize tena, huku muuza madafu akiwa ndiye mwelekezaji: "Kata kushoto! Njoo, njoo, njoo... hapo hapo!" Nyuma yake kutakuwa na foleni ya magari ya watu ambao nao walikuwa wanaiwahi boti. Hakuna chombo kingine cha kukodi kinachoweza kukosesha boti watu wengi kiasi hicho kwa mpigo. Wakati huo tarumbeta linapulizwa, mashangazi wanacheza lami yote, na bwana harusi anaambiwa asitazame saa kwa sababu inaonekana kwenye video.

Hatua ya sita: mlangoni

Umefika. Lango limefungwa, boti bado inaonekana. Sasa fanya lile ulilofundishwa na jiji maisha yako yote: jadiliana. Anza na upole, "Kijana wangu, si ile pale? Naiona kabisa." Mlinzi atakujibu kwa adabu, "Ndiyo mama, hata mimi naiona." Panda ngazi: "Ngoja nimpigie mtu wangu Zanzibar." Naye atasema, "Mpigie, mama. Mwambie utachelewa."

Wapagazi watano watakuwa wameshakuzunguka, kila mmoja ameshika pembe yake ya mzigo, wakikupa pole na bei. Mmoja atakushauri ndege. Ni ushauri mzuri, dakika kama ishirini tu hewani. Uwanja wenyewe uko barabara ya Nyerere, upande wa pili wa foleni ileile.

Kwa wanaotaka kuipata

Wapo watu wa ajabu ambao hawataki kuikosa. Hao wausome mwongozo huu kinyume. Watoke alfajiri, au walale gesti Kariakoo usiku wa kuamkia safari. Kitambulisho na tiketi vilale mfuko mmoja. Shangazi aagwe nyumbani, tena jioni. Dereva aambiwe, "Posta, boti za Zanzibar, mkabala na Mtakatifu Yosefu," bila kutaja feri hata kwa bahati mbaya. Na gari likikwama mtaa wa Samora, washuke, wabebe mzigo, watembee.

Watafika mapema, watakaa kwenye kiti wakipiga miayo, na wakishuka Malindi hakuna atakayewauliza safari ilikuwaje. Hiyo ndiyo hasara yao. Aliyeikosa ana kisa cha wiki nzima. Ndani ya kisa hicho kuna foleni, kuna trafiki, kuna msafara wa mkubwa, kuna dereva asiyejua njia na mlinzi asiye na utu. Kila mtu yumo na kosa lake, isipokuwa msimuliaji, ambaye siku hiyo alitoka nyumbani mapema kabisa.