Namna ya Kuwa Mjuzi wa Kesi ya Mauaji Bila Kufungua Jalada

Unataka kusikilizwa. Usione haya. Kila anayesimama chini ya miti ya Muliro Gardens mjini Kakamega, siku ambayo kesi ya mauaji imetajwa Mahakama Kuu, anataka hilo hilo: aseme neno, shingo zigeuke. Jalada hujalisoma. Mahakamani hukuingia. Ulichonacho ni habari ya mwendesha boda aliyembeba binamu ya shahidi. Inatosha. Nitakupa njia za mkato za kuonekana mjuzi kuliko wote pale, na ninakupa zile tu ninazoziamini, kwa sababu upande mmoja wa mazungumzo hayo kuna mtu aliye rumande, na upande wa pili kuna mama aliyemzika mwanawe.

1. Usitaje jina la mtu

Baraza la mauaji huanza kwa majina. Ni mkewe. Ni shemeji, ile shamba. Ni yule kijana wa chang'aa. Waache wagongane pembe kama mafahali wa Khayega. Anayetaja jina hupata dakika chache za utukufu, kisha hubaki amelibeba miaka mizima, kila kesi inapoahirishwa. Wewe subiri kelele zipungue, halafu uliza swali. Ujanja wote uko hapo: anayeuliza swali zuri hudhaniwa analo jibu. Si lazima uwe nalo. Maswali yenyewe tutayaazima kwa majaji, na hayatozwi ada.

2. Uliza kuhusu taa

Hili ndilo swali lako kuu, kwa hiyo lishike vizuri. Mtu atasema, "Jirani alimwona kwa macho yake, usiku ule ule." Watu wataguna kwa kuridhika. Wewe uliza polepole: "Kulikuwa na mwanga gani?"

Hapo umeingia katika viatu vya Mahakama ya Rufaa. Mwaka 1986, katika kesi ya Maitanyi dhidi ya Jamhuri, majaji walisema haitoshi shahidi kudai kulikuwa na mwanga. Ni lazima ijulikane ulikuwa mwanga wa aina gani, mkali kiasi gani, na ulikuwa upande gani wa mshukiwa. Basi endelea. Mbalamwezi ilikuwa imetoka, au migomba ilikuwa imeifunika? Koroboi ilikuwa mezani au ilikuwa imezimwa? Tochi ilikuwa mkononi mwa nani? Kama ni mshambuliaji aliyeishika, basi iliyomulikwa ni sura ya shahidi, si yake.

Akikujibu kwamba jirani anamfahamu tangu utotoni, kubali kwamba hilo lina uzito. Kumtambua unayemjua ni rahisi kuliko kumtambua mgeni. Lakini mahakama zetu zimeonya mara nyingi kwamba hata ndugu na rafiki huweza kukosewa gizani, na onyo la kutomfunga mtu kwa macho ya shahidi mmoja tu bila uangalifu mkubwa lipo katika sheria ya Afrika Mashariki tangu kesi ya Abdalla bin Wendo, mwaka 1953. Kisha toa swali la pili, ambalo huwanyamazisha hata walimu wastaafu: "Jina lilitajwa siku ya kwanza, polisi walipoandika kwenye kitabu cha matukio, au lilikuja baada ya matanga?" Shahidi aliyemtambua muuaji usiku wa tukio kwa kawaida humtaja mara moja kwa wa kwanza kumfikia. Jina linalozaliwa kwenye turubai la matanga, kati ya kikombe cha chai na kingine, huenda limezaliwa na watu wengi.

3. Panga lenye damu

"Lakini panga lilipatikana na damu!" Uliza: damu ya nani? Huku kwetu mgeni wa heshima haondoki bila kula ingokho, yaani kuku, na nyumba nyingi zina chuma kilichoonana na damu wiki hiyo hiyo. Ni kazi ya mkemia wa serikali kusema kama ni ya binadamu, na kama vinasaba vyake ni vya marehemu. Kisha ufuate mwendo wa panga lenyewe: nani aliliokota, alilifunga ndani ya nini, nani alilipeleka maabara, nani alilipokea na kutia sahihi. Mkono mmoja ukikosa jina, wakili wa utetezi atapita hapo hapo.

Sasa mwenzako atajumlisha. Walionekana pamoja mara ya mwisho, panga lilikuwa kwake, na usiku ule alitoroka. Usimdharau. Ushahidi wa kimazingira si ushahidi wa daraja la chini. Mahakama zetu zimewatia watu hatiani kwa huo peke yake. Mwambie tu kwamba tangu mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske, kipimo ni kimoja: mambo yaliyothibitishwa yasiweze kupatana na kutokuwa na hatia, na yasiwe na maelezo mengine yoyote ya akili isipokuwa kwamba huyu ndiye. Halafu uliza kama kutoroka hakuna maelezo mengine. Kijijini, nyumba ya mshukiwa huweza kuwaka moto kabla OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hajawasha gari. Mwenye hatia hukimbia, na asiye na hatia aliyeona moshi hukimbia pia.

4. "Alikiri kwa polisi"

Hapa kazi ni nyepesi. Uliza alikiri mbele ya nani. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ungamo lililotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwa hapo. Alichonong'ona nyuma ya landrova si ungamo. Kumbuka kwa nini kifungu hicho kiliandikwa: Wakenya wengi walikiri vitu ambavyo hawakufanya, kwa sababu ya yale waliyofanyiwa seli. Liseme hilo kwa sauti ya kawaida. Katika umati kuna mtu ambaye baba yake alipitia hayo.

5. Video kwenye simu

Atakayeitoa video atazungukwa. Usishindane naye. Uliza imerekodiwa na nani na kwa simu ipi, na kama kuna cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria hiyo hiyo ya Ushahidi. Rudi ukae.

6. Tia historia kidogo

Mjuzi wa kweli hutaja miaka, nawe ukiwa na kesi mbili tu kichwani utafika mbali.

Ya kwanza ni ya jirani zetu. Februari 1990 Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila: risasi kichwani, mguu umevunjika, mwili umeteketezwa. Maelezo ya kwanza ya polisi yalielekea kusema amejiua. Wananchi waliuliza swali moja tu, na halikuhitaji shahada: mtu hujivunja mguu, akajipiga risasi, kisha akajichoma, kwa mpangilio gani? Swali hilo halikuzimika. Alikuja John Troon wa Scotland Yard, ikaundwa tume chini ya Jaji Evan Gicheru, na tume hiyo ikavunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Hapo wananchi walikuwa wapelelezi bora kuliko waliolipwa mshahara kupeleleza, na ninasema hivyo kwa heshima kubwa.

Lakini angalia kilichofuata. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa. Kesi ya kwanza haikumalizika kwa sababu jaji alifariki. Ya pili ilimwachilia mwaka 1994. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Maswali ya watu yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Majina waliyoyatupa sokoni na kwenye matatu, kila mmoja na lake, hayakumsaidia marehemu kwa lolote.

Ya pili ni ya Julie Ward, Mwingereza aliyeuawa Masai Mara Septemba 1988. Polisi walielekea kusema ameliwa na wanyama. Daktari aliyeyachunguza mabaki aliandika kwamba yalikatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti yake ikabadilishwa isomeke kwamba yaliraruliwa. Baba yake Julie, John Ward, aliibaini hila hiyo kwa sababu alikataa kusimuliwa na akadai kuona karatasi. Waliofunguliwa mashtaka waliachiliwa, walinzi wawili wa mbuga mwaka 1992 na Simon Makallah mwaka 1999. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Daktari amesema," muulize kama ameisoma ripoti au amesimuliwa. Kuna majibu mawili tu, na yote mawili yanakupa ushindi.

Kama bado wanakusikiliza, waambie kwamba hamu hii yao ya kuhukumu iliwahi kuwa na kiti. Zamani katika kesi za mauaji jaji aliketi na washauri, raia wa kawaida, waliosikiliza ushahidi wote kisha kila mmoja akatoa maoni yake. Jaji hakulazimika kuyafuata. Walikomeshwa mwaka 2007, na leo jaji huamua peke yake. Mimi nadhani tulipoteza kitu. Mzee aliyeketi kama mshauri alikuwa na maoni kama sisi, ila aliyatoa baada ya kukaa siku nyingi kwenye ubao mgumu akiwasikia mashahidi wakihojiwa na pande zote mbili.

7. Jiandalie njia ya kushindwa

Siku moja hukumu itasomwa, na huenda ikakugeuka. Jiandae mapema kwa maneno matatu: "kama ni kweli." Yabandike kwenye kila sentensi yako kuanzia leo, na siku ya hukumu utakuwa hukukosea popote.

Usidhani natania. Baada ya Monica Kimani kuuawa Nairobi Septemba 2018, nchi nzima ilimaliza kesi kwa wiki moja, ikamhukumu Joseph Irungu pamoja na mtangazaji Jacque Maribe. Mahakama ilichukua zaidi ya miaka mitano. Tarehe 9 Februari 2024 Jaji Grace Nzioka alimpata Irungu na hatia na akamwachilia Maribe. Mwezi uliofuata Irungu alihukumiwa kifo. Waliosema "kama ni kweli" mwaka 2018 walilala salama. Wengine walilazimika kueleza kwa nini jaji hajui sheria.

Ukishindwa, shindwa kwa neno la kisheria: sema upande wa mashtaka haukuthibitisha pasipo shaka la maana. Ni kweli, na linamwacha kila mtu na heshima yake, pamoja na aliyeachiliwa, ambaye kesho mtakutana naye sokoni. Na akitokea wa kupiga kelele kwamba mfungwa atanyongwa Jumatatu, mtulize: Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na tangu uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa Desemba 2017 jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila mauaji.

8. Ikiwa uliona

Haya yote ni ya yule asiyejua kitu. Kama wewe ulisikia mayowe usiku ule, au ulimwona mtu akivuka mto na gunia, yasahau yote niliyokufundisha. Usisimulie stejini, usisimulie kwenye matanga, usimsimulie hata mwendesha boda wako. Kila ukisimulia, msikilizaji atakuongezea kitu: rangi ya shati, saa kamili, jina. Siku utakapopanda kizimbani hutajua tena ni kipi ulikiona na ni kipi ulipewa, na wakili atakuuliza kwa nini maelezo yako yanafanana neno kwa neno na ya mashahidi wengine watatu. Muuaji wa kweli akiachiliwa Kakamega, mara nyingi ameachiliwa na waliompenda marehemu wakazungumza sana.

Nenda kituoni ungali unakumbuka. Sema ulichoona na useme usichoona. Kabla ya kutia sahihi, soma kilichoandikwa. Kama kimeandikwa Kiingereza usichokielewa, dai utafsiriwe. Ukitishwa, mweleze mwendesha mashtaka. Kuna sheria ya kuwalinda mashahidi tangu mwaka 2006. Na wenzako wa Muliro Gardens wakikuuliza kwa nini siku hizi huchangii, waulize kulikuwa na mwanga gani, kisha uwaache waendelee.