Rejeta Ndogo Katika Mlima wa Newala

Giaboksi ya otomatiki, yaani ile inayojichagulia gia bila dereva kukanyaga klachi, ilianza kuuzwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1939 ndani ya magari ya Oldsmobile, na hakuna dalili kwamba wahandisi walioichora walimfikiria mwenye gari la Toyota Noah anayetoka Masasi kwenda Mnyambe akiwa na abiria tisa, magunia manne ya korosho juu ya keria, na mbuzi ambaye nauli yake ingali inajadiliwa.

Kati ya injini na giaboksi hiyo pana tokonveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambamo panga zinazozungushwa na injini huirusha oili ikazisukume panga za upande wa pili. Na kwa kuwa kinachosukuma ni kimiminika, sehemu ya nguvu hupotea kwa kuteleza na kugeuka joto. Kwenye tambarare hasara hiyo ni ndogo, kwani gari likishashika mwendo pande hizo mbili hufungana zikazunguka pamoja, lakini kutoka Masasi, penye vilima vya mawe, hadi Newala, iliyo zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, gari lililoelemewa hupanda kwa kusuasua huku tokonveta ikiteleza karibu mlima mzima. Oili iliyozoea nyuzi 80 au 90 za Selsiasi huvuka 120, na kwa makadirio yanayotumiwa katika fani hii, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa nusu. Oili mpya ni nyekundu. Iliyoungua huwa ya kahawia na hunuka, ingawa mwenye gari huwahakikishia abiria kwamba kuna mtu mahali fulani anachoma maganda ya korosho.

Tiba ya kwanza huwa ni maji. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala kuchunguza maisha ya wenyeji, aliona jinsi watu wa uwanda wa juu wa Makonde, ulipo Newala, walivyoishi juu ilhali maji yao yalikuwa mabondeni. Pengine angalistaajabu zaidi kuona maji yanayosukumwa kwa mitambo kutoka Mitema, huko Kitangari, yakimwagwa uvunguni mwa Noah mbele ya akina mama wenye ndoo tupu. Maji hayo hupoza ganda la giaboksi kwa dakika chache, na oili iliyo ndani ya tokonveta haina hata habari. Maoni ya akina mama hao, yanayotolewa kwa Kimakonde fasaha, hayafai kunukuliwa katika maandishi ya heshima.

Ndipo hufikiriwa kipoza cha ziada. Giaboksi nyingi za aina hii huja na kipoza chake, bomba lililofichwa ndani ya rejeta ya injini ili oili iyakabidhi maji joto lake. Kasoro ni kwamba injini nayo ikikaribia kuchemsha, maji hayo hayana tena nafasi ya kupokea. Kwa hiyo hufungwa rejeta ndogo mbele ya ile kubwa, ambamo oili hupitia baada ya kutoka katika rejeta kubwa, ikapigwa na upepo, kisha ikarudi kwenye giaboksi. Maelezo ni mepesi. Taabu huanza gereji, kwa kuwa mahali panapopata upepo mzuri mara nyingi ndipo penye namba ya gari, na rejeta ikifungwa nyuma ya kibao hicho hupoza kidogo sana, ilhali kibao kikihamishwa, askari wa barabarani naye ana maswali yake.

Mipira ndiyo hatari kubwa. Inatakiwa iwe ya kuhimili oili ya moto na ibanwe kwa klipu, lakini klipu zikikosekana huitwa waya, na waya ukikosekana hukatwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ambavyo oili huvilainisha hadi vinaachia. Mlimani, matone mekundu hutapakaa barabarani, na abiria wa kiti cha nyuma huuliza kama mbuzi ameumia.

Hata ikifungwa vyema, rejeta hiyo hukutana na vumbi jekundu pamoja na salfa inayopuliziwa mikorosho, mchanganyiko unaoziba vijibati vyake mpaka ioshwe, kwa maji yale yale yenye mashahidi. Kuna pia suala la kuongeza oili kufidia iliyojaza mipira mipya, na kuipima kwa kijiti injini ikiwa inanguruma, kama magari mengi ya Toyota yanavyotaka. Anayepima injini ikiwa imezimwa hupata jibu zuri lisilo la kweli.

Ajabu ni kwamba kazi ikifanywa kwa usahihi, hufaulu: oili hubaki nyekundu na gari hufika Newala bila kunuka. Hapo mwenye gari, ambaye hajawahi kuutoa mkono wa gia kwenye D ijapokuwa alama za 2 na L zimeandikwa papo hapo kwa ajili ya milima, huongeza magunia mawili kwenye keria, kwa hoja kwamba sasa gari lina kipoza. Joto likirejea, fundi hushauri ifungwe rejeta ndogo ya pili, na huonyesha kwa kidole kwamba nafasi bado ipo, mbele ya ile ya kwanza.