Kitabu cha Nyongeza

Mnanicheka kila nikipita hapa Jamhuri na mfuko wangu wa kaki, eti mwandishi anaenda soko la Toi kutafuta suruali. Mschew! Suruali ninazo. Kazi ya mwandishi, kwa taarifa yenu wazee wa base, ni kuandika asubuhi, kungoja malipo mchana, na jioni kumwambia mama mboga kwamba pesa iko njiani. Kati ya mchana na jioni pana pengo, na pengo hilo ndilo linalonipeleka kwa wauza vitabu.

Kule tao, Tom Mboya na vichochoro vya River Road, tunawaita Inama. Gunia limetandikwa chini, vitabu vimelala juu yake, nawe mteja unainama mpaka kiuno kilie. Kanjo, askari wa jiji, wakitokea, maktaba nzima inakunjwa kwa pembe nne za gunia na kupotea kabla hujamaliza ukurasa. Lakini utaenda wapi? Kitabu kipya dukani kinakatwa kodi ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013. Tunainama.

Na humo muna vioja. Mwongozo wa kufuma sweta za mbwa. Kitabu kizima cha kuondoa theluji mlangoni, chenye muhuri wa maktaba ya mji mdogo huko Marekani; kimevuka bahari, kikashuka Mombasa, kikapanda lori, kije kumfundisha mtu wa Kibera kupambana na theluji. Lo! Na bei? Shilingi soo mbili, kwa sababu jalada linang'aa.

Sasa sikieni lililoniudhi. Chini ya hicho cha theluji nikaona jalada lililochakaa: Mzimu wa Watu wa Kale. Muhammad Said Abdulla, Mzanzibari aliyetuletea Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko! Riwaya hiyo ilitolewa 1960 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao hapahapa Nairobi mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Ndani, mwanafunzi fulani ameandika jina lake na darasa lake kwa wino, kisha akachora masharubu pembeni. Nikauliza bei. Kijana mwenye gunia akakigeuza, akakipuliza vumbi.

"Hicho chukua tu, mzee. Nunua cha theluji, hicho nakuongezea."

Nyongeza! Kama dania anayokutilia mama mboga juu ya sukuma. Ikabidi ninunue theluji ili nimpate Bwana Msa.

Kijana simlaumu, anauza kinachonunuliwa. Ninaowasonya ni sisi tuliokua na vitabu hivi. Maktaba ya McMillan, ile ya Banda Street yenye simba mlangoni, ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Sawa, tulifungiwa mlango. Lakini miaka ya sabini mji huu ulikuwa unajiandikia wenyewe! Charles Mangua katoa Son of Woman 1971. David Maillu naye akaanzisha Comb Books, akamwaga My Dear Bottle na After 4.30, vitabu vya ulevi na mapenzi ya maofisini vilivyowatoa maaskofu jasho. Tanzania ikavipiga marufuku 1976. Walau wao waliviogopa. Sisi hapa hatukuhitaji marufuku, tulivichana kufungia karanga.

Ndiyo, fundi viatu, naona unavyotabasamu na hiyo sindano mdomoni. Rika lako lote lilimsoma Maillu chini ya dawati. Chako kiko wapi? Eti mama watoto alikiwashia jiko siku alipookoka! Na kile cha ndugu yako? Kilienda na kilo za magazeti, kwa mwenye bucha. Tc, tc, tc. Halafu mjukuu wako akiulizwa shuleni kama Nairobi ilikuwa na waandishi wake, atajibu nini? Atawatajia mbwa wenye sweta?

Mwenye Maillu uvunguni aje nacho hapa tupatane, asimpelekee mama wa karanga. Bwana Msa siazimi, msiniulize. Wa mwisho niliyemwazima kitabu alihamia Rongai nacho. Anayetaka kitabu cha theluji nakiuza. Soo mbili, jalada bado linang'aa. Nyongeza hakuna.