Upepo wa Mbili Nukta Mbili

Barabara ya Voi kwenda Taveta ina miiba ya aina mbili: ile unayoiona juu ya migunga, na ile ambayo tayari imo ndani ya tairi lako. Mwaka 1915, Waingereza walipotaka kuwafuata Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta, walitandika reli kutoka Voi hadi Maktau. Wanahistoria wana sababu zao za kivita. Sisi wa huku tunajua tu kwamba treni haipati pancha.

Siku hizi lami imefika mpakani, ila hakuna anayeishi juu ya lami. Ukikata kona kuingia mitaa ya Sofia au Mwakingali, au ukishika njia ya vumbi ya kwenda shambani, unarudi mikononi mwa migunga. Ndiyo maana zile pampu ndogo za betri za kujazia tairi upepo, za kushika mkononi, zimepata soko mjini Voi. Unazikuta zimepangwa pamoja na chaja na kava za simu, na anayeziuza huwa ni kijana wa simu ambaye hajaziba pancha maishani mwake.

Atakuonyesha namba moja tu kwenye boksi: 150 PSI, kipimo cha msukumo wa hewa. "Boss, hii inajaza mpaka lori." Mwache aseme. Gari kama Probox halihitaji hata nusu ya hizo. Kibandiko cha kukuambia kiasi kiko palepale kwenye fremu ya mlango wa dereva, kimejaa vumbi miaka yote. Cha kuuliza ni mashine inasukuma lita ngapi za hewa kwa dakika. Tairi la gari dogo lililolala kabisa humeza lita 60 hivi kabla halijafika PSI 32. Tyubu ya baiskeli inatosheka na lita 7 au 8, ila inazitaka kwa nguvu. Pampu ya baiskeli ukiipa kazi ya gari itanguruma, itapata moto mpaka kile kichwa cha shaba kikuunguze vidole, halafu itakuomba ipumzike. Na usiiache kwenye dashibodi. Jua la Voi halina huruma na betri za lithiamu, wala na kitu kingine chochote.

Jambo la pili ni valvu, na hapa ndipo alipoingia mjomba wangu na baiskeli yake ya Black Mamba.

Gari, pikipiki na baiskeli nyingi za milimani zina valvu ya aina moja, ile unayoibonyeza katikati ikazomea. Black Mamba ina ile ya kizamani: nati, kijiti cha chuma chenye tundu, na kipira chembamba kilichovishwa juu yake kama soksi. Hewa ikiingia, kipira kinatanuka. Ikitaka kutoka, kinabana. Mjomba hukivisha kwa mate, na hakubali kwamba maji yanaweza kufanya kazi hiyo. Mashine nyingi huja na kichwa kidogo cha kuunganisha kinachokubali valvu hiyo, lakini mita hudanganyika, kwa sababu inapima pia nguvu ya kukitanua kile kipira. Basi nilipomjazia kwa mashine yangu, kioo kikaandika 60. Mjomba akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea vizuri tu.

"Inasema sitini," nikamwambia.

"Hata mimi nikiulizwa umri husema sitini."

Akaichukua pampu yake ya mkono, akamaliza kazi.

Kuna faida moja ya mashine hizi ambayo sitaipinga kamwe: unaweka namba unayotaka, ikifika inajizima yenyewe. Shemeji yangu alipata pancha ya polepole ng'ambo ya Maktau, pale barabara inapopita katikati ya Tsavo Magharibi. Akachomeka mashine, akainua kichwa, akaona ndovu wanavuka. Akarudi garini akafunga mlango, akaiacha ikinguruma peke yake chini. Ndovu wakasimama wakaisikiliza. Ikafika 32, ikanyamaza. Tairi likawa tayari kabisa kwa safari, na hakuna aliyekuwa tayari kushuka kwenda kuichomoa.

Hatari kubwa zaidi iko nyumbani. Mtaa ukishajua una mashine, umekuwa idara ya upepo. Alikuja wa bodaboda asubuhi, nikampa 32, akaenda. Mchana watoto wakachezea kile kitufe cha vipimo. Jioni akaja mwenzake, kazi ikaenda sawasawa, mashine ikajizima, kioo kikasoma 2.2.

"Mzee, mwenzangu umempa thelathini na mbili. Mimi mbili nukta mbili?"

Nikamweleza kwamba bar moja ni PSI 14.5, na kwamba 2.2 na 32 ni upepo uleule. Akanitazama vile unavyomtazama muuza mchele anayekueleza kwa nini kilo yake haijai mfuko. Nikabonyeza kitufe tena, kioo kikaandika 220, maana ndivyo inavyosomeka kwa kilopaskali. Uso ukafunguka. Akashukuru, akaondoka, na kufikia kesho yake kulikuwa na vijana langoni wanaotaka ile ya mia mbili na ishirini.

Baada yao zikaja wilbaro, mpira wa shule, na baluni za harusi ambazo mashine ilizipasua moja moja mbele ya mama wa bibi harusi. Stima zikipotea, wanakuja na simu, kwa sababu betri ya mashine inachaji simu pia.

Stima zilipokatika Jumamosi moja ya soko, fundi wa pancha wa pale njia panda alituma kijana aje aazime "ile kitu", kwani kompresa yake ilikuwa imelala. Niliipeleka mwenyewe kwa gari, nikakuta foleni ya pikipiki na toroli. Tairi langu la nyuma nalo lilikuwa limepungua kidogo, nikasimama nyuma ya wengine. Wote aliwatoza bei yake ya kawaida. Mimi akanipunguzia.