Saksafoni Katika Nyumba ya Vyumba Viwili

Sanduku lilishuka Nangurukuru saa tisa alasiri, limefungwa kwa kanga ya shangazi na kamba ya katani juu yake. Ilikuwa Aprili 2024, siku chache baada ya arobaini ya mjomba wangu kule Temeke. Mume wangu aliendesha pikipiki, mimi nikakaa nyuma nimelipakata, manyunyu yakitupiga hadi kijijini kwetu, Mitole.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua kisamvu. Hakuuliza kitu. Alifungua kanga, akaikunja vizuri akaiweka kando, ndipo akafungua sanduku. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu kilichochakaa, ililala saksafoni aina ya alto, shaba yake imeota madoa ya kijani shingoni.

"Hii inapulizwa," akasema. "Na wa kuipuliza ni nani?"

Mume wangu akanitazama. Mama mkwe akayafuata macho ya mwanawe, akaguna, akarudi kwenye kisamvu chake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na mwaka ule nilikuwa na miaka 43. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, jiko liko nje. Kuta hazifiki kwenye bati. Mtu akikohoa chumba hiki, wa chumba cha pili humwambia pole bila kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Ndani ya nyumba hiyo ndimo nilimodhamiria kujifunza ala iliyotengenezwa isikike uwanjani.

Mjomba aliondoka Kilwa Kivinje akiwa kijana, miaka ya sitini, kwa sababu ya jina alilolisikia redioni: Kilwa Jazz. Alidhani bendi yenye jina la kwao lazima iko kwao. Kumbe ilikuwa Dar es Salaam, chini ya Ahmed Kipande, basi naye akaifuata huko huko. Hakuwahi kupata nafasi ndani yake. Mchana alibeba mizigo, usiku alijifunza kwa saksafoni ya kuazima. Baadaye alipiga katika bendi ndogo ndogo, enzi zile vyama, viwanda na majeshi vilipokuwa na bendi zao: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na nyingine nyingi. Bendi zake yeye hazikurekodiwa. Nikiwa msichana, likizo nilizokwenda kwake, kila jioni kabla ya taa kuwashwa alikaa uani akapiga wimbo mmoja, wake mwenyewe, usio na maneno. Watoto wengine walilala. Mimi nilikaa macho hadi amalize, na nadhani ndiyo maana alisema sanduku lije kwangu.

Masomo niliyapata kwenye simu, chini ya mwembe ambapo mtandao unashika. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada peke yake: hiyo ni B. Ongeza cha kati: A. Ongeza cha pete: G. Noti tatu, na kila moja ilinichukua siku. Kidole hakina shida, kinabonyeza tu. Kazi iko mdomoni na tumboni. Meno ya juu yanakaa juu ya kipande cha mdomoni, mdomo wa chini unakuwa mto wa tete, pembe za midomo zinakaza, koo linabaki wazi. Ukibana sana, ala inapiga ukelele. Ukilegeza sana, upepo unapita mtupu.

Mama mkwe alikuwa na maoni. Alikulia kwenye ngoma zinazoongozwa na zumari, na mpiga zumari hufura mashavu, akavuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, sauti isikatike hata kidogo. "Fura mashavu, mwanangu," alinihimiza kutoka jikoni. Mwalimu wa kwenye simu alisema usifure. Kwa wiki nzima nilikuwa kati ya wakuu wawili. Mwishowe nilimjibu kwa adabu kwamba zumari na hii ni ndugu lakini malezi yao tofauti. Alinyamaza, akafikiri. "Basi pumzi itoke chini ya kitovu," akasema, "maana huko ndiko wote wanakoitoa." Hapo alikuwa na haki kabisa, na sauti yangu ilianza kusimama siku ile.

Siku nyingine aliuliza swali ambalo bado nalipenda. Kwa nini ni shaba? Wazungu tangu zamani wanachukua mpingo wa Kilwa kutengenezea ala, mbona hii haina hata kipande? Ni kweli. Klarineti na oboe nzuri duniani zinachongwa kwa mpingo, na mpingo huo ni wa Tanzania na Msumbiji. Humu humu wilayani kwetu, mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha misitu inayosimamiwa vizuri, ili mbao zake ziuzwe nao wenye msitu walipwe kihalali. Saksafoni iliundwa na Adolphe Sax, Mbelgiji, fundi aliyekuwa akirekebisha klarineti, naye akapewa hataza yake Paris mwaka 1846. Mwili ni shaba, lakini inahesabiwa katika ukoo wa ala za mbao kwa sababu ya kile kijitete kimoja kinachotikisika mdomoni. Mama mkwe alikichukua akakitazama kwenye mwanga. "Kumbe roho yake ni jani," akasema.

Wanamuziki wanakiita ridi. Kimenyolewa kutoka tete linalolimwa sana mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa, na ncha yake ni nyembamba kuliko ukucha wa mtoto. Mjomba aliacha ridi mbili. Moja tulimkuta kuku ameilalia, sanduku likiwa limeachwa wazi na mwanangu wa mwisho, yai pembeni. Ilipasuka katikati. Nililia, na sioni haya kusema hivyo, maana kwenye ile ridi kulikuwa na alama ya mdomo wa mjomba.

Hapo ndipo nilipoanza kutuma. Tuna kundi la ukoo la WhatsApp: kaka yangu yuko Mbagala, mdogo wangu anafanya kazi Muscat, shangazi yuko Lindi mjini, na mama yangu mzazi yuko Kivinje, anasikiliza kupitia simu ya mjukuu. Niliwaahidi kwamba kila Jumamosi nitatuma nilichofikia, kiwe kizuri kiwe kibaya, bila kufuta. Niliogopa kwamba bila mashahidi ningeacha. Wiki ya kwanza nilituma B moja ya sekunde sita. Mdogo wangu aliisikiliza kwenye basi la wafanyakazi Muscat, akaandika kwamba amenusa mvua ya nyumbani.

Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, mabasi yakakwama, na katika basi mojawapo lililokwama mlikuwa na boksi la ridi alilonitumia kaka. Ridi yangu iliyobaki ilikuwa imeanza kumeguka ncha. Jumamosi ilikuwa inakuja. Mume wangu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajasema neno juu ya saksafoni, wala zuri wala baya, alipanda darini jikoni, akashusha kipande cha mwanzi kilichokaushwa na moshi miaka mingi, akakaa na wembe na msasa kuanzia magharibi. Alipima kwa ile ridi mbovu, akanyoa, akapuliza vumbi, akanyoa tena. Saa tatu usiku akanipa. "Ijaribu kidogo tu," akasema.

Nilipuliza mara moja. Ilikuwa nene kuliko ya dukani, na nilikuwa nimefunga vifuniko vyote, noti ya chini kabisa. Ulitoka mlio mmoja mpana, mzito, uliotikisa bati, ukaenda zake bondeni.

Msomaji asiye wa huku anapaswa kujua jambo moja. Mvua za masika zikiisha, mahindi yakikomaa, tembo hutoka misituni wakaingia mashambani. Vijana hulala kwenye madungu wakilinda. Kijijini tuna makubaliano: honi ikilia usiku, ni tembo.

Kabla sijaitoa ala mdomoni, debe la kwanza lilikuwa limeshalia. Kisha la pili, kisha kitongoji kizima. Tochi zikawaka, mbwa wakabweka, wanawake wakaita watoto majina. Nilisikia watu wakikimbia kupita uani kwetu kuelekea mashambani, na moyo wangu ulikuwa umesimama, kwa sababu nilijua kwamba gizani mtu anaweza kuvunjika shingo kwa ajili ya tembo asiyekuwepo. Mume wangu alitoka mbio kuwarudisha. Mimi nilibaki katikati ya sebule na kile kitu shingoni, miguu haitaki.

Aliyefungua mlango wa mbele ni mama mkwe. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama kizingitini, akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Hakuna tembo! Hakuna tembo jamani! Ni mwanangu anajifunza!"

Tangu siku alipoguna barazani hakuwahi kuitaja kazi ile kuwa kujifunza. Ilikuwa kelele, au mambo ya simu.

Mzee mmoja jirani aliteleza mtaroni akateguka kifundo cha mguu. Asubuhi nilikwenda kwake na sukari na majani ya chai, nikampa shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Alipokea. Mguu ulikuwa umefungwa dawa, umevimba. "Mwalimu," akasema, "sikukatazi. Lakini ukipiga, anza na kitu kinachoeleweka, tujue ni wewe." Mwenyekiti wa kitongoji naye alikuja jioni, akaketi, akanywa uji, akaweka utaratibu: baada ya sala ya alasiri hadi kabla ya magharibi, na usiku hapana kabisa. Tukakubaliana pia kwamba kila nikianza nipige noti tatu, B, A, G, polepole, ndiyo hodi yangu kwa kijiji. Mguu wa mzee ulipona baada ya wiki tatu. Nilihesabu kila siku yake.

Barabara ilitengenezwa, boksi la ridi likafika. Ile ya mwanzi nimeitunza.

Sasa nije kwenye wimbo wa mjomba. Niliutafuta kichwani nikapata vipande tu. Haukurekodiwa popote, na bendi zake zimekwisha. Jumamosi moja nilituma kipande nilichokikumbuka nikauliza kama yupo anayejua kinachofuata. Kaka alijibu kwamba amesahau. Shangazi aliimba kitu ambacho kilikuwa wimbo mwingine kabisa. Usiku ule, saa nne, ukaja ujumbe wa sauti kutoka Kivinje. Mama yangu, miaka sabini na kitu, dada yake marehemu, anaguna kwa midomo iliyofumba. Nyuma yake mawimbi yanasikika, na mjukuu anauliza kama tayari.

Kuanzia hapo tuliutoa wimbo ule mstari kwa mstari. Yeye anaguna, mimi natafuta kwa vidole, narekodi, natuma. Yeye anasikiliza, ananirekebisha. Haikuwa kazi nyepesi. Kila siku anaanzia sauti inayomkaa kooni siku hiyo, kwa hiyo mstari wa Jumatatu na wa Alhamisi hauungani mpaka nihamishe noti zote. Kaka akachukua gitaa ili tushike ufunguo mmoja, akarekodi akordi za C, mimi nikapiga juu yake kwa C yangu. Ilikuwa vurugu tupu. "Mbona mnagombana?" mama akauliza. Ilinigharimu siku mbili za bando kuelewa: alto ni ala ya E-flati. Ninapobonyeza kile kinachoitwa C, sikio linasikia E-flati. Gitaa likiwa C, mimi lazima nianzie A. Mjomba alilijua hili usingizini, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mwishoni mwa Agosti, ufuta umeshauzwa mnadani na nyumba imetulia, niliupiga wote kwa mara ya kwanza bila kusimama. Mume wangu alishika simu. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka na kitambaa cha kukaushia saksafoni magotini, kipande cha kanga yake kuukuu alichokikata mwenyewe, kwa sababu anasema shaba haipaswi kulala na maji. Nilituma. Muscat walijibu mapema. Kaka akajibu. Kivinje kimya.

Jibu lilifika siku ya pili, alasiri, nikiwa uani. Niliweka sauti juu ili wote wasikie.

"Nimesikia, mwanangu," alisema mama. "Ni wenyewe. Lakini ile noti ya tatu bado unaikimbilia. Yeye alikuwa anakaa pale, anakaa, mpaka mimi nimalize kuwasha taa."

Mama mkwe alinitazama. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho, magharibi haijafika.

"Rudia," akasema.

Nikatia ridi mdomoni ilowane.