Baridi ya Kununua

Wenzetu wa Norwei na Uswidi, majira ya baridi yakiingia, huwasha pampu ya joto. Mashine hiyo haizalishi joto, inalihamisha tu kutoka nje na kuliingiza ndani. Uniti moja ya umeme yaweza kuleta joto la uniti tatu. Baridi ikizidi makali, wanawasha hita ya akiba.

Msidhani sisi wa Dumila tumeachwa nyuma. Mashine hiyohiyo tunayo, ila tumeigeuza ifanye kazi kinyume, tukaiita kiyoyozi. Pale njia panda ya Kilosa wauza nyanya wamejitanda kanga kichwani, jua linawachoma. Ingia sasa ofisini kwa mheshimiwa: rimoti ya kiyoyozi inasoma nyuzi 16. Mheshimiwa kavaa suti kamili na tai, karani kajifunga mtandio hadi masikioni, na chai ya tangawizi imeagizwa ili kikao kipate joto. Hita yetu ya akiba ndiyo hiyo: koti.

Mita ya LUKU ikianza kulia, nani ashtuke? Fungu la ofisi lipo. Nyumbani kwa mheshimiwa, feni tu inatosha, maana huko uniti ananunua mwenyewe.

Japani, mwaka 2005, Waziri wa Mazingira Yuriko Koike alihimiza viyoyozi vya ofisini viwekwe nyuzi 28, na watumishi wavue makoti na tai. Wakavua, na serikali haikuanguka.

Basi mheshimiwa, kabla hujatuhimiza sisi wananchi kubana matumizi, anza na koti.