Risala ya Kumsifu Mropokaji wa Aprili

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku iendayo kwa Mungu. Bingwa hapatikani mpaka Oktoba inakwisha, na miaka mingine Novemba imeshaingia. Kwa hiyo watu wenye busara husubiri. Makocha wakiulizwa husema bado mapema. Wachambuzi wa takwimu nao husema bado mapema. Hata mchezaji mwenyewe, ukimwekea kinasa sauti mdomoni, atakujibu hivyo hivyo. Yupo mmoja tu ambaye kwake hakuna mapema. Ni yule shabiki ambaye jioni ya mechi ya nne ameshajua nani atachukua ubingwa, kocha gani afukuzwe na kijana gani ajengewe sanamu nje ya uwanja. Tena hajui kimoyomoyo. Anajua kwa sauti, mpira kwa mpira, na jirani yake apende asipende atasikia. Amesimangwa miaka mingi. Leo naomba asifiwe, na risala nimejitolea kuisoma mimi.

Nianze na nasaba, maana mtu wa heshima huulizwa kwanza ametoka ukoo gani. Timu ya kwanza kutangaza hadharani kwamba wachezaji wake wote wanalipwa ilikuwa Cincinnati Red Stockings, mwaka 1869. Mwaka 1876 ikaundwa National League, ambayo ipo hadi leo. Lakini ukoo wa mropokaji wetu unaanzia kwa mwandishi wa habari, Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824 na kuhamia Brooklyn akiwa mtoto. Huyo ndiye aliyewazoesha wasomaji wa magazeti kuufuata mchezo kwa jedwali la namba: nani kapiga, nani kakosa, nani kafunga. Kabla yake mashabiki waliropoka bila ushahidi. Baada yake waliropoka na ushahidi mkononi, jambo ambalo ni la hatari zaidi. Aprili 1908, akiwa mzee wa miaka 83, Chadwick alikwenda kuangalia mechi kwenye uwanja wa Polo Grounds, New York. Akapata mafua, hali ikazidi, na tarehe 20 ya mwezi huohuo akafariki. Imani nyingine zina mashahidi wake. Na hii ya Aprili haikukosa wa kwake.

Upande wa kikeni, tuseme, ni wa fujo. Mwaka mmoja kabla, kwenye uwanja uleule, tarehe 11 Aprili 1907, New York Giants walifungua msimu dhidi ya Philadelphia huku theluji iliyofagiliwa ikiwa imerundikwa pembezoni. Wenyeji walikuwa wanafungwa 3–0. Mashabiki wakashuka, wakaanza kufinyanga theluji na kurushiana mabonge, mengine yakaingia uwanjani, na polisi wa kuwatuliza hawakuwepo. Mwamuzi Bill Klem akaona yametosha, akasimamisha mchezo na kuwapa wageni ushindi. Msimu una umri wa saa mbili tu, na shabiki ameshaiangusha timu yake kwa mikono yake mwenyewe. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuwa na athari kubwa namna hiyo kazini siku ya kwanza?

Sasa nije kwenye fadhila zake, na ya kwanza ni hesabu. Mropokaji wa Aprili ni mwanahisabati wa kanuni moja, nayo inaitwa “kwa mwendo huu”. Tarehe 4 Aprili 1994, Wrigley Field, Chicago, mchezaji wa Cubs aitwaye Tuffy Rhodes alikabiliana na Dwight Gooden wa Mets, mrushaji mwenye jina kubwa. Mara tatu za kwanza alizosimama na gongo, mara zote tatu aliupiga mpira ukavuka uzio, na hakuna pigo tamu kuliko hilo katika mchezo huu. Cubs walifungwa 12–8, lakini hilo lilikuwa dogo. Kalamu zilitoka mifukoni: mitatu kwa siku, mara mechi 162, jumla 486. Rekodi ya msimu mmoja wakati ule ilikuwa 61. Mgomo wa wachezaji uliukata msimu ule Agosti, na Rhodes akaishia na minane.

Wakosoaji wakacheka. Wangengoja kidogo. Rhodes alikwenda Japani, akavusha uzio mipira 464 katika ligi ya huko, ikiwemo 55 ya mwaka 2001 iliyoifikia rekodi ya Sadaharu Oh, mfalme wa mchezo huo nchini humo. Kwa hiyo mropokaji aliona sawasawa kabisa. Alikosea bara tu.

Mwaka 2006 kalamu zilitoka tena, safari hii Detroit. Chris Shelton alivusha uzio mipira 9 katika mechi 13 za mwanzo. Kwa mwendo huo ni 112, wakati hata Barry Bonds, mwenye rekodi mpya, aliishia 73 mwaka 2001. Mwisho wa Julai Shelton alikuwa ameshashushwa ligi ya chini, msimu akaumaliza na 16, na Oktoba Detroit walicheza fainali bila yeye. Hesabu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mchezaji, aliyekataa kuifuata.

Fadhila ya pili ni imani. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na sidhani kama yuko mtu duniani aliyeiamini methali hiyo kwa gharama kubwa kama huyu. Mwaka 1982 Atlanta walishinda mechi 13 za kwanza mfululizo, Oktoba St. Louis wakawafunga tatu bila na kuwarudisha nyumbani. Mwaka 1987 Milwaukee nao walianza na 13, na katikati yake Juan Nieves akarusha mechi nzima bila mpinzani kupata pigo hata moja salama. Mwezi uliofuata Milwaukee hao hao walifungwa mechi 12 mfululizo, na mchujo wa Oktoba waliutazama kwenye televisheni. Mwaka 2023 Tampa Bay wakaja na 13 zao. Texas wakawatoa kwa mechi mbili, tena mbele ya watu wao. Ngoma ikivuma sana hupasuka, nayo ni methali ya wahenga walewale.

Mwambie hayo mropokaji. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atakujibu neno moja: Detroit, 1984. Ni kweli, Detroit walianza mwaka ule kwa kushinda mechi 35 kati ya 40 na wakauchukua ubingwa. Ameikariri hiyo, na nyingine zote amezisamehe. Ni msomi anayejua kuchagua vyanzo vyake.

Imani hiyo huenda kinyumenyume pia. Mwaka 2019 Washington Nationals walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31. Mropokaji aliandaa mazishi, akagawa wachezaji kama mali ya marehemu, akamteua na mrithi wa kocha. Oktoba marehemu alinyanyua kombe. Na kwenye msafara wa kushangilia, aliyevaa jezi mpya na kupaza sauti kuliko wote alikuwa nani? Yuleyule mchimba kaburi. Kusahau haraka hivyo ni kipaji. Wengine hulipa wataalamu ili wafundishwe.

Hebu mwangalie kwa karibu, jioni ya Aprili, jukwaani Wrigley Field, upepo wa Ziwa Michigan ukipenya makoti manne. Gotini ana daftari la kurekodia mchezo. Glavu ameikata ncha za vidole apate kushika penseli. Kila nafasi uwanjani ina namba: mrushaji 1, mdakaji nyuma ya mpigaji 2, na kuendelea hadi 9. Akiandika 6-4-3, ana maana mpira umetoka kwa mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, ukaenda kituo cha pili, ukaishia cha kwanza, na watu wawili wametolewa kwa mkupuo mmoja. Mpigaji akikosa mara tatu anaandika K; akisimama tu ukampita, anaandika K iliyogeuzwa. Mwandiko ni safi kuliko wa karani wa mahakama. Kinywa ndicho hakina mstari. “Umeona bega hilo? Limelegea. Huyu Juni hafiki, nakwambia!” Mrushaji mwenye bega bovu anawatoa watu watatu mfululizo. Penseli inachora K, K, na K iliyogeuzwa. “Si nilisema mimi? Tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora hiyo, mpeni mapema!” Soseji yake imeganda ndani ya mkate. Aibu haijapita karibu na kiti kile.

Fadhila ya tatu ni uaminifu, na hapa hata adui yake atavua kofia. Mwaka 1988 Baltimore Orioles walianza msimu kwa kufungwa mechi 21 mfululizo. Kocha Cal Ripken Mkubwa alifukuzwa baada ya sita za kwanza. Aliyemrithi, Frank Robinson, akaendelea pale pale alipoachiwa. Mtangazaji wa redio mjini humo, Bob Rivers, aliapa kwamba hatoki hewani mpaka timu ishinde, akakaa studio zaidi ya siku kumi mchana na usiku. Tarehe 29 Aprili, huko Chicago, Orioles wakashinda 9–0, na mtu wa watu akaruhusiwa kwenda kulala. Timu ikafungwa tena mbili, ikarudi nyumbani na ushindi mmoja na vipigo 23. Nani angeipokea? Tarehe 2 Mei watu zaidi ya 50,000 walijaa uwanjani Baltimore, wakaishangilia kama bingwa. Msimu waliumaliza na vipigo 107. Mwenye busara, yule wa “bado mapema”, hakuwepo. Bila shaka alikuwa nyumbani anasubiri takwimu zitoshe.

Na hizo takwimu, nimtendee haki mkosoaji, ndizo silaha yake. Atakwambia mechi kumi kati ya 162 ni asilimia sita tu. Katika ligi ya soka yenye mechi 38 hizo ni sawa na mechi mbili na theluthi moja hivi. Mpigaji mahiri hushindwa mara saba katika kumi, kwa hiyo wiki mbili za bahati zinaweza kumfanya mtu wa kawaida aonekane malaika. Yote kweli. Lakini tazama ukweli huo ungetunyima nini. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Pittsburgh, mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi hii. Mara ya kwanza tu aliposimama na gongo, mbele ya Jon Lester wa Cubs, akapata pigo salama. Kwa dakika chache wastani wake ulikuwa asilimia mia moja, na sisi Waafrika tulioko huku tukapiga hesabu ya “kwa mwendo huu” bila kufundishwa na mtu. Baadaye ukashuka hadi takriban asilimia 22. Mwenye kusubiri takwimu zitoshe angefika wakati sherehe imekwisha na viti vinakusanywa.

Nimebakiza hoja moja, na hii siitoi kwa utani. Mropokaji huipokea mechi ya Aprili kana kwamba ubingwa unategemea hiyo. Mwaka 2011 Boston Red Sox walifungwa mechi zao sita za kwanza, na katika 12 za mwanzo wakashinda mbili tu. Wenye busara wakasema bado mapema. Mropokaji alipiga mayowe, akaambiwa anywe maji. Septemba Boston wakaporomoka, wakapoteza mechi 20 kati ya 27, na hadi leo ukiuliza nini kiliwaua utaambiwa Septemba. Lakini usiku wa mwisho wa msimu, Tampa Bay walipowapita na kuingia kwenye mchujo, tofauti ilikuwa mechi moja. Moja tu. Ushindi wa Aprili na wa Septemba huandikwa kwenye msimamo kwa kipimo kilekile, na mtu pekee aliyelisema hilo kwa sauti wakati bado lina msaada ni yule tuliyemwambia anyamaze.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kuketi karibu naye Aprili ijayo, msogezee kahawa ya moto na umwache aseme. Msikilize kwa heshima zake zote. Ila usisuke mkeka wa kubeti kwa maneno yake. Hela yako iache mfukoni mpaka Septemba.